Pantri isiyomtegemea mtu mmoja: mwongozo kamili wa kufundisha wanaojitolea na kuwaunganisha na wenzao

Alhamisi moja ya Novemba mzee wetu wa stoo alilazwa hospitali, na paswadi ya kuagizia chakula ikalazwa naye. Benki ya chakula tunayochukulia mzigo hufunga oda siku mbili kabla ya lori kuja, na ikikupita imekupita. Jumamosi ile tuligawa mikate ya supamaketi ya jirani na makopo ya malenge yaliyosagwa ambayo Wamarekani hupikia keki zao za sikukuu. Akina mama wa Kikongo waliyapokea kwa adabu, wakayageuzageuza mkononi, wakashukuru. Jioni tulipofagia tuliyakuta yamepangwa vizuri ukingoni mwa maegesho.

Mzee hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu tulioiacha kazi ya watu 20 ikae kichwani mwa mtu mmoja. Nawaandikia Waswahili wenzangu walioko Marekani ambao wanasimamia pantri, yaani kituo cha kugawia watu chakula, ya kanisa, msikiti au jumuiya, au wanaojitolea huko na siku moja wataambiwa, "Tafadhali wafundishe hawa wapya." Hapa Kentucky tuko wengi. Lexington peke yake ina Wakongo wa kutosha kukusahaulisha kwamba uko ughaibuni.

Kabla ya yote: jueni mko wapi kwenye mnyororo

Wengi wanaojitolea hawajui chakula kinatoka wapi, ndiyo maana wakiulizwa na wanaokuja kuchukua hubabaika. Somo hili linachukua dakika 10 tu.

Benki ya chakula ni ghala kubwa. Inapokea mizigo kutoka viwandani, mashambani, madukani na serikalini, halafu inawapa mashirika madogo yaliyotia nayo mkataba. Pantri ni kituo cha mwisho, pale mtu anapopokea chakula mkononi. Benki ya kwanza ya namna hii, St. Mary's ya Phoenix, Arizona, ilianzishwa na John van Hengel mwaka 1967. Mwaka 1979 ukaundwa mtandao wa taifa ambao leo unaitwa Feeding America, wenye benki za chakula zipatazo 200 na pantri na vituo vya mlo makumi ya maelfu. Lexington ilikuwa na lake hata kabla ya hapo: mwaka 1955 mama mmoja, Mim Hunt, alianza kugawia majirani chakula akitumia nyumba na gari lake, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa God's Pantry, benki ya chakula ya mji huu.

Ndani ya mzigo mna chakula cha TEFAP, ambacho serikali ya shirikisho inanunua kwa ajili ya wenye kipato kidogo. Hiki kina masharti yake, na mengi ya mafunzo ya lazima yanatokana nacho. Chukueni mkataba wenu na benki ya chakula muusome kwa sauti mkiwa watatu au wanne. Mtakuta mambo mnayoyakiuka kila wiki bila kujua. Sisi tuliyakuta manne.

Hatua ya 1: Kila kazi majina mawili

Kabla ya kumfundisha yeyote, andikeni kazi zote kwenye karatasi moja kubwa ubaoni. Msiandike vyeo. Andikeni vitendo: nani anafungua mlango, nani anawasha kompyuta, nani anaagiza, nani anasoma kipimajoto cha friza, nani anapiga simu lori likichelewa, nani anajua fyuzi ziko wapi. Mbele ya kila kitendo wekeni jina la anayekifanya sasa, na pembeni jina la atakayejifunza kwake ndani ya mwezi mmoja.

Sehemu ya pili itabaki tupu kwa zaidi ya nusu ya orodha. Msione haya. Huo uwazi ndio mtaala wenu. Mafunzo ya pantri hayahitaji kitabu kinene, yanahitaji kujaza nafasi hizo moja baada ya nyingine, mkianza na zile ambazo mtu wake akikosekana mlango haufunguki.

Paswadi ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha, bahasha ikae kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Tulijifunza hilo kwa makopo ya malenge.

Hatua ya 2: Mafunzo ya usalama wa chakula

Benki nyingi za chakula hudai angalau mtu mmoja wa pantri awe na cheti cha usalama wa chakula. Kinachojulikana zaidi ni ServSafe, mpango wa chama cha wamiliki wa migahawa cha Marekani. Ulizeni benki yenu kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi yao huwalipia mashirika yao au huendesha darasa lao wenyewe bure. Mpelekeni mtu mwenye subira, anayeweza kurudi na kuwafundisha wengine. Kumpeleka mchungaji kwa heshima ya cheo ni kupoteza nafasi, maana Jumamosi asubuhi hayupo ghalani.

Wengine wote wapewe somo la saa moja kwa Kiswahili, wakiwa wamesimama mbele ya friji yenyewe. Haya ndiyo ninayotaka mtu aondoke nayo kichwani:

Friji isipande juu ya nyuzi 40 za Fahrenheit, yaani kama 4 za Selsiasi. Friza iwe 0 za Fahrenheit, sawa na -18. Kipimajoto kisomwe kila siku ya kazi na kuandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwa jina na saa. Mkaguzi akija ataitazama karatasi hiyo mwanzo. Nyama, maziwa na mayai vikikaa nje zaidi ya saa mbili ni vya kutupa, na jua likiwaka kupita nyuzi 90, yaani 32 za Selsiasi, ni saa moja tu. Wenzetu huona uchungu kutupa kuku mzima anayeonekana mzuri. Mwambie mtu waziwazi kwamba kuku huyo akimuumiza mtoto wa mwenzio, hakuna atakayekumbuka nia yako.

Mzigo usigusane na sakafu. Uinuliwe inchi 6, na usibanwe ukutani ili panya wasipate kichochoro. Cha zamani kitangulie mbele, kipya kiende nyuma.

Makopo yanahitaji mikono, maneno hayatoshi. Weka mezani makopo kama manane na umpe mjitoleaji ayapange mwenyewe: linalogawiwa na linalotupwa. Lililobonyea kidogo ubavuni halina neno. Lililobonyea kwenye mshono au kwenye ukingo wa juu, lililovimba, linalovuja, au lenye kutu ya kuingia ndani, ni la kutupa bila mjadala. Usilifungue ili kunusa, kwa sababu sumu ya botulizimu haina harufu ya kukuonya. Zoezi hili huwachangamsha watu kuliko somo lolote, na mabishano yake ndiyo mafunzo.

Kisha tarehe. Ile ya "Best By" inazungumzia ubora, na benki yenu ya chakula itawapa jedwali la muda gani baada ya hapo kitu bado kinalika. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga ni jambo jingine: tarehe ikipita, hayatolewi, hata siku moja. Kwa wapya narudia mara tatu.

Mzio wa chakula usipuuzwe. Sheria ya Marekani inataja vitu tisa: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, njugu za mitini kama korosho na lozi, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa kuanzia 2023. Anayejitolea asibadilishe kifungashio na kupoteza lebo. Ukigawa unga kutoka gunia kubwa kwenda vifuko vidogo, lebo ifuate kila kifuko, na kwanza muulize benki kama mnaruhusiwa.

Neno moja kwa wanaoogopa kushtakiwa: tangu Oktoba 1996 iko sheria ya shirikisho, iitwayo kwa jina la Bill Emerson, inayowalinda wanaotoa na kugawa chakula kwa nia njema. Haimlindi aliyefanya uzembe mkubwa au kukusudia ubaya. Ndiyo maana ile karatasi ya mlangoni mwa friji ina thamani.

Hatua ya 3: Haki za anayekuja

Kwa pantri yenye chakula cha TEFAP, wanaokutana na wateja, wa mshahara na wa kujitolea, hufanya mafunzo ya haki za kiraia kila mwaka. Tunzeni karatasi ya waliohudhuria. Bango la serikali la kukataza ubaguzi, "And Justice for All", libandikwe mahali mtu analiona akiwa kwenye foleni. Nimeshalikuta nyuma ya mlango wa choo cha wafanyakazi, likimtangazia haki mtu anayenawa mikono.

Kwa makanisa na misikiti, hapa ndipo penye utata. Mnaruhusiwa kuwa wa dini mliyo nayo. Hamruhusiwi kumfanya mtu asali, asikilize mahubiri au ajiandikishe kwenye ibada ndipo apate chakula. Vilevile chakula hiki hakiuzwi, wala mtu halazimishwi kufanya kazi ili akipate. Kuna mama alikuja kwetu akauliza kwa unyenyekevu, "Nifagie wapi kwanza?" Nilijua mahali fulani alishawahi kufagizwa.

Na wajitoleaji wanaochukua chakula? Wanaruhusiwa kama wengine wenye sifa, lakini wafuate utaratibu uleule. Kuku mzuri akianza kupotelea chini ya meza saa mbili kabla ya kufungua, foleni inajua. Foleni hujua kila kitu.

Hatua ya 4: Mlangoni na mezani

Ukiwa na saa tatu tu za kumfundisha mtu mpya, mbili zitumie hapa.

Anza na majina. Kijana wa Kimarekani anasimama mlangoni na karatasi, anaita kwa sauti jina la kwanza la mama wa miaka 60, tena kwa matamshi ya kuvunja mbavu. Kwake huo ni ukarimu. Kwa mama ni kuitwa na mtoto kama rika lake, mbele za watu. Tumieni namba za foleni, kisha mtu akifika mezani aitwe "Mama Neema" au "mzee", kama alivyozoea. Mtanzania atatoa shikamoo, nayo ni nzuri, ila asikasirike Mkongo au Mrundi asipoitikia marahaba. Si salamu ya kila mahali. "Jambo mama, karibu" inatosha.

Halafu kompyuta. Programu nyingi za usajili humtafuta mtu kwa tarehe ya kuzaliwa. Wengi waliopitia kambini wameandikiwa 1 Januari, kwa hiyo ukiandika tarehe hiyo inakuletea ukurasa mzima wa watu. Majina nayo yamegeuzwa, la mwisho limekuwa la kwanza, na mume na mke hawachangii jina la ukoo. Mfundishe anayesajili kutafuta kwa namba ya simu au anwani, na asimwambie mtu, "Humu haumo." Aseme, "Ngoja nitafute vizuri, tusaidiane kuandika jina." Kosa dogo la usajili huzaa rekodi mbili, na rekodi mbili huzaa tuhuma kwamba familia imechukua mara mbili.

Maswali yawe yale tu yaliyo kwenye fomu ya jimbo lenu. Kama fomu haiulizi uraia, wewe usiuulize, hata kwa maongezi. Mara nyingi mtu hujitangazia mwenyewe kipato chake na kutia sahihi, kwa hiyo usimdai karatasi za mshahara kwa sababu tu viatu vyake ni vizuri. Viatu alipewa kanisani kwenu.

Hili nalo wajitoleaji walielewe: sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 iliwatoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, hadi wapate ukazi wa kudumu. Familia iliyokuwa ikija kuongezea sasa inaweza kuwa inakuja kwa ajili ya chakula chote cha mwezi. Hata hivyo msimpe mtu ushauri wa uhamiaji mezani. Mpeni namba ya ofisi ya msaada wa kisheria, au mwambieni apige 211, simu ya kuulizia huduma za eneo. Wazee wa miaka 60 na kuendelea waulizwe kama wanajua kuhusu boksi la CSFP, chakula cha serikali cha kila mwezi kwa wazee wenye kipato kidogo. Wengi hawajui.

Kama nafasi inaruhusu, waacheni watu wachague wenyewe rafuni badala ya kuwafungia mifuko. Kinachotupwa hupungua sana, nasi hatukuona tena makopo ukingoni mwa maegesho. Lakini kuchagua kunahitaji mtu wa kueleza. Mjitoleaji asimame na rafu yake na aijue: kwamba maharage ya kopo fulani yametiwa nyama ya nguruwe, na Mwislamu aambiwe kabla hajaweka kwenye mfuko. Kwamba siagi ya karanga isiyotiwa sukari inaingia vizuri kwenye kisamvu. Kwamba unga wa tortilla wa Wameksiko umetokana na mahindi yaliyochemshwa na chokaa, na ugali wake utakushangaza. Mifuko ya maharage makavu, ambayo Wamarekani wengi huipita, kwetu ndiyo ya kwanza kwisha. Mwambieni anayeagiza.

Hatua ya 5: Lugha, bila kumtumia mtoto

Mtoto wa miaka tisa asitumwe kutafsiri mama yake anapotaja kipato na idadi ya wanaokula nyumbani. Anasikia yasiyomhusu, na mama anaficha kwa sababu anamwonea aibu mwanawe. Kila zamu iwe na mtu mzima mmoja wa Kiswahili, na orodha ya simu za wa Kinyarwanda, Kirundi na Lingala.

Hata sisi kwa sisi tunapishana. Ninayeita kisamvu namkuta anayeita sombe. Mchicha wangu ni lengalenga lake, na friji yangu ni frigo yake. Andikeni lebo za rafu kwa majina yote mawili pamoja na picha. Mkifanya hivyo, mzee asiyesoma hatalazimika kumwita mtu amsomee.

Hatua ya 6: Siku tatu za mtu mpya

Siku ya kwanza anafuata tu, kama kivuli, na hapewi funguo. Siku ya pili anafanya huku mwenzake akimwangalia mikono mifukoni. Siku ya tatu anamfundisha mwingine kitu kimoja alichojifunza. Akiweza kukieleza, jina lake linaingia kwenye ile orodha ya ukutani. Mfundisheni pia kuinua maboksi ya ndizi, yale yenye matundu ambayo supamaketi hurudishia kila aina ya bidhaa: magoti yakunjwe, boksi likae karibu na tumbo, na likizidi awaite wawili. Mgongo wa mtu wa kujitolea haulipiwi na mtu.

Baada ya zamu kaeni dakika 10 na chai. Swali ni moja: leo nani alikwama, na wapi? Msiandike ripoti ndefu. Jina la kazi na jina la mtu vinatosha.

Hatua ya 7: Kutoka nje ya kuta zenu

Pantri nyingi zinaishi kama visiwa, kila moja ikidhani shida zake ni za kipekee. Kumbe umbali wa maili tatu kuna nyingine inayomwaga karoti huku ninyi hamna hata moja.

Anzeni na benki yenu ya chakula. Ina mtu ambaye kazi yake ni kushughulika na mashirika. Mjueni kwa jina, mpigieni hata siku ambayo hamna malalamiko. Kwenye mikutano yake ya mashirika msimtume mtu yuleyule kila mara. Pelekeni wawili, mmoja mzoefu na mmoja mpya, na warudi na kitu kimoja cha kujaribu Jumamosi inayofuata. Kwenye mikutano hiyo yenye faida ni mapumziko ya kahawa, wala si hotuba. Nendeni na swali la maana: "Ninyi mnafanyaje mvua ikinyesha na foleni iko nje?" Watu hujibu swali la namna hiyo kwa furaha.

Kisha chagueni pantri mbili za jirani na muwaombe watembeleane wajitoleaji wenu. Mtu afanye zamu nzima kwao, asiende kutazama. Sisi tulimpeleka dada mmoja kwa Wamethodisti upande wa pili wa mji, akarudi na wazo la kuweka viti kwenye foleni, jambo ambalo miaka yote hatukuliona kwa sababu wasimamizi wote tulikuwa vijana.

Fungueni grupu la WhatsApp la mameneja wa pantri za jirani, lenye masharti mawili: hakuna mahubiri wala picha za asubuhi njema. Liwe la mzigo tu. "Nina paleti ya mtindi, tarehe ni Jumatatu, nani ana friji?" Kabla ya kupelekeana chakula, ulizeni benki, hasa kile cha TEFAP, maana huenda wanataka kiandikwe kimekwenda wapi. Kwa masalio ya madukani ipo MealConnect, mfumo wa Feeding America wa kuunganisha anayetoa na anayechukua. Wekeni watu wawili wanaoujua, si mmoja.

Nje ya pantri wajueni shirika linalopokea wakimbizi mjini kwenu, muuguzi wa kliniki, mwalimu wa Kiingereza na mwenye duka la Kiafrika. Huyu wa mwisho ndiye atakayekwambia ni lini unga mweupe umepanda bei, na wiki hiyo foleni yenu itarefuka.

Hatua ya 8: Siku ya meneja kutokuja

Kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi moja, meneja aegeshe gari ng'ambo ya barabara, azime simu, akae humo hadi mwisho wa zamu. Asiwaambie mapema ni Jumamosi ipi.

Mara ya kwanza nilikaa mimi. Saa tatu na nusu niliwaona watu wanatoka na kuingia, wakitazama chini ya mikeka na juu ya milango. Walikuwa wanatafuta ufunguo wa friza. Ulikuwa mfukoni mwangu.